Simu Iliyoisikia Feri Kabla Yetu

"Kama amekufa, nani ananipigia?"

Mama mmoja wa Luanda Kotieno, kando ya ziwa, aliniuliza swali hilo Jumatano moja alasiri, akiwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Nilikuwa na shahada ya fizikia, mkoba wa vifaa na miaka miwili kazini. Nilimpa jibu la chuoni. Sasa nimeacha kazi, na ninyi mafundi mnaobaki dukani na kamera zenu na waifai zenu mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Nitaanza mwanzo, nifike kwa mama huyo kwa utaratibu.

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Nina miaka thelathini na tano na meno yangu yote. Lakini mimi sikuzeeka, kazi ndiyo iliyozeeka. Siku hizi kila mtu humpigia mwanawe wa Amerika kwa simu ya mkononi, anamwona uso, anamwona hata sufuria jikoni. Hakuna anayehitaji mtu wa adapta. Kazi ikikufia mikononi, utajiita nani kama si mstaafu?

Kwa wale ambao hamkuiwahi, adapta ilikuwa kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Upande mmoja uliingia kwenye kompyuta au ruta, upande wa pili ukapokea waya wa simu ya kawaida ya mezani. Mtoto aliye Amerika alikinunua huko, akampa mtu anayekuja nyumbani, na tangu siku kilipochomekwa, simu ya sebuleni ilikuwa na namba ya Amerika. Mtoto akipiga, ni kama anapiga mtaa wa pili. Jambo moja lishikeni, maana kisa chote kinalitegemea: namba ilikaa ndani ya kidude, haikukaa ndani ya nyumba. Ukikibeba mfukoni ukakichomeka Maseno, namba iko Maseno. Ukikichomeka Port Victoria, namba imehamia Port Victoria. Anayepigiwa haoni tofauti yoyote.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na bisibisi mpya za kununua mwenyewe. Mzee Wanjala, aliyenifundisha kazi, aliziangalia akaziweka kwenye droo. Alikuwa mtu wa Port Victoria, fundi wa simu za waya tangu enzi za nguzo za mbao, na alizungumza polepole kana kwamba kila neno linapanda nguzo. Alinipa mkono wa simu ya kupimia, ile yenye vibanio viwili, akaunganisha laini ya mteja mmoja.

"Sikiza."

"Nasikiza nini, Mzee? Hakuna anayeongea."

"Sikiza chumba."

Aliamini kwamba kila laini ina chumba nyuma yake, na kwamba fundi anayekimbilia waya kabla ya kusikia chumba ni mtu wa kubahatisha. Nilimuuliza kama hiyo ni hisia au ni sayansi. Nilikuwa nauliza kila kitu wakati huo. Nyumbani walishachoka nami, kanisani walikuwa njiani.

"Wewe mtoto wa maswali," akasema, "sayansi ni kusikiza halafu kuandika. Andika."

Nikaandika: feni, jogoo, televisheni ya mbali. Akasoma, akatikisa kichwa. "Umekosa kitu moja. Kuna mgonjwa hapo. Sikiza vile wanaweka vikombe chini."

Tulipofika nyumba hiyo adhuhuri, bibi wa pale alikuwa amelala kwenye kochi na homa, na vikombe vilikuwa vikiwekwa juu ya taulo. Nilisema moyoni kwamba Mzee alijua kabla. Baadaye nilithibitisha kwamba hakujua.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Nusu ya kesi zangu zilikuwa vitambaa. Mnajua vile vitambaa vya kushona kwa mkono tunavyofunika makochi, meza, redio na kila kinachokaa kimya. Mama akipata kidude kutoka Amerika, anakifunika kwa heshima. Kidude kinapata joto, simu inakatika kila nusu saa, na mtoto aliye ng'ambo anafikiri mama amemkasirikia. Kule Maseno nilimwondolea mama mkwe wa mhadhiri mmoja kitambaa hicho mara nne. Mara ya tano alinifungulia mlango kitambaa kikiwa mkononi, akisema, "Najua, najua, kilikuwa kinahisi baridi." Mzee mwingine wa Milimani hakupokea simu ile bila kuvaa koti, kwa sababu namba ilikuwa ya Amerika. Simu ikilia, mjukuu anakimbilia koti kwanza.

Kesi ya Luanda Kotieno iliandikwa kitabuni kwa maneno manne: "Inalia, hakuna mtu anayeongea." Nilidhani ni saketi mbovu. Mzee Wanjala alikuwa na miadi ya macho siku hiyo, nikaenda peke yangu.

Odhiambo, mwana mdogo wa nyumba hiyo, alinipokea barabarani kwa pikipiki yake, na kabla hatujafika alishanieleza yote, akipiga kelele dhidi ya upepo. Kaka yake Otieno alikwenda Amerika miaka mingi nyuma, akapata kazi kwenye meli ya kuvua samaki huko kaskazini, baharini kwenye barafu. Ndiye aliyetuma adapta ile na kuilipia miaka kadhaa mbele. Miezi michache iliyopita ilikuja barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa waajiri wake: ameanguka majini, wametafuta, hawajampata.

Mjaluo asiyepatikana mwili wake huzikwa kwa yago, lile tunda refu na zito la mvungunya. Huwekwa kwenye jeneza kama mtu, likaliliwa kama mtu. Ukoo ulikuwa umepanga kulizika Jumamosi hiyo. Na ukishamzika mtu kwa yago, basi. Hata akitokea kesho akiwa mzima na mizigo yake, lango la boma lake halimpokei tena.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza Odhiambo.

"Mimi nataka kuoa, Madam Akoth. Siwezi kuleta msichana nyumbani kama mambo ya kaka bado yako hewani. Msichana amengoja miezi yote hii. Baba yake ananiuliza kama mimi ni bwana harusi ama ni karani wa mochari."

Kikwazo kilikuwa simu. Tangu barua ifike, simu ya sebuleni ililia kila Jumatano na Jumapili, saa kumi alasiri au karibu yake. Kwenye kioo chake kidogo ilitokea namba ya Otieno, ile ya adapta yake mwenyewe aliyokuwa nayo Amerika. Aliyepiga hakusema neno.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, ziwa likionekana lote hadi upande wa Mbita. Sebuleni alikuwepo Min Otieno, yaani mama yake Otieno, na Mzee Ogutu, ndugu ya marehemu mumewe, mtu mrefu aliyeshika kofia yake kama sahani ya sadaka. Adapta ilikuwa juu ya kabati karibu na ruta, wazi, haikufunikwa kitambaa. Nilimheshimu mama huyo kabla sijamsalimia.

"Huyu ndiye injinia?" Mzee Ogutu akamuuliza Odhiambo kwa Kiswahili, ili nisikie. "Nilifikiri wataleta mtu."

"Wameleta, Mzee," nikasema. "Habari ya nyumbani?"

Akacheka kidogo, akanionyesha kiti. Hapo ndipo mama aliponiuliza swali lake. Nilimjibu kama nilivyofundishwa chuoni: namba si mtu, Mama. Namba ni kidude. Kidude kinaweza kuwa mikononi mwa yeyote.

"Nani?"

"Sijui."

"Basi kaa usikize, nyathina, mwanangu. Saa kumi bado kidogo."

Nilipima waya, nikapima umeme, nikafungua orodha ya simu kwenye kompyuta. Kila kitu kilikuwa sawa, jambo ambalo fundi halipendi. Simu zilikuwepo zote, Jumatano na Jumapili, kila moja ya dakika nne hadi sita. Niliunganisha simu yangu ya kupimia kwenye laini ileile, nikafumba macho, nikangoja. Mzee Ogutu alihamia mlangoni. Odhiambo alisema anakwenda kuangalia pikipiki, ambayo ilikuwa palepale dirishani.

Ililia. Mama aliiacha ilie mara tatu, kisha akainua.

"Nipo," akasema.

Kimya. Akangoja kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kutafuna.

"Umekula?" akauliza. Kimya. "Hapa mvua imekataa. Mahindi yamefika kwa goti yakasimama. Odhiambo yuko, hawezi kukaa ndani." Alizungumza hivyo, bila haraka na bila kulia, akipumzika baada ya kila sentensi ili mwingine apate nafasi. Na mwingine hakuitumia.

Nilisikiliza chumba. Hakikuwa chumba. Kulikuwa na upepo wa mahali pa wazi. Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe kwa muda mrefu mno, sukari ilishayeyuka zamani. Kuku. Na karibu kabisa na sikio langu, pumzi ya mtu, inavutwa, inashikwa, inaachwa. Nimesikia laini nyingi zilizokufa. Hiyo haikuwa mojawapo.

Kisha ikaja honi. Ilipigwa ndani ya simu, ndefu, ikakatika katikati kama mtu aliyekabwa, ikaendelea. Nilifumbua macho. Sebule ilikuwa tulivu. Nikahesabu moja, mbili, na nusu ya tatu, na honi ileile ikaingia kwa dirisha, ndefu, ikakatika katikati mahali palepale, ikaendelea. Ilikuwa feri ya Mbita, chini gatini, ikiita abiria wa mwisho.

Simu iliyotoka Amerika ilikuwa imeisikia feri yetu kabla yetu.

"Safari njema," mama akasema kwenye simu. Dakika moja baadaye laini ikakatika.

Nilifanya hesabu nikiwa bado nimeshika simu, kwa sababu hesabu ndiyo niliyokuwa nayo badala ya sala. Sauti hewani huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja. Nyumba ilikuwa kilomita moja hivi kutoka gatini. Simu ya adapta hupita Amerika na kurudi kwa chini ya sekunde moja. Kwa hiyo sikio lililoisikia honi kwanza lilikuwa karibu na feri kuliko sisi. Halikuwa kaskazini kwenye barafu. Lilikuwa pale chini, pamoja na kikombe chake cha chai.

"Odhiambo! Pikipiki!"

Tulishuka mteremko ule kama mawe. Tulipofika, feri ilikuwa imeshaacha gati, abiria wamejipanga ukingoni wakiangalia nchi kavu kama watu wanavyofanya. Nilitazama kila uso hadi nyuso zikawa nukta. Kwenye vibanda vya chai vikombe vilikuwa vikikusanywa. Nilimuuliza mama wa kibanda cha mwisho kama alimwona mtu na simu, mtu na kompyuta, mtu yeyote.

"Leo watu ni wengi. Wewe unatafuta nani?"

"Sijui."

"Basi ameenda," akasema, akamwaga makombo ya chai.

Sasa niwaambie kosa langu. Nimeandika haya yote kwa ajili ya kosa hilo.

Nilirudi kwenye ile nyumba nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la mtihani. Nikawaeleza wote watatu, kwa kalamu na karatasi, mambo ya sauti na sekunde. Nikasema simu hii haitoki Amerika. Nikasema anayepiga yuko hapa, karibu na maji, yuko hai, anakunywa chai. Nipeni hadi Jumapili, nikasema, nitakaa gatini nimshike mkono. Kwangu ilikuwa wazi kabisa. Mtu anayepiga kwa namba ya Otieno kutoka Luanda Kotieno labda ndiye Otieno mwenyewe, amerudi kwa aibu fulani, na mkizika yago Jumamosi mtamfungia lango mtu aliye hai.

Mzee Ogutu alisikiliza hadi mwisho. Aliichukua karatasi yangu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kofia.

"Asante, binti yangu. Wewe umesoma, na umetusaidia," akasema. "Sisi tulikuwa na wasiwasi kwamba labda yuko hai kule. Otieno alitoka hapa na pasipoti, na ndege, na sisi wote tukimsindikiza. Mtu wa namna hiyo akirudi, anaonekana barabarani. Ana begi. Kuna mtu amemwona. Sasa wewe unasema ako hapa kwa maji, na hakuna ndege iliyomleta, hakuna mtu amemwona. Unajua ni nani anarudi nyumbani hivyo?"

"Mzee, nimesikia pumzi. Nimesikia kijiko."

"Nani amekuambia hawanywi chai?"

Odhiambo alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

"Ameanguka kwa maji ya mbali, amefuata maji mpaka maji ya nyumbani," Mzee Ogutu akaendelea, kwa sauti ya upole kuliko nilivyotaka iwe. "Amefika gatini. Hawezi kupanda hapa juu kwa sababu hatujamfungulia. Jumapili ni mbali. Tumzike Jumamosi, na hiyo simu tumwekee ndani, asiendelee kuhangaika kupiga."

"Simu iacheni," mama akasema.

"Min Otieno, unataka mtoto akae kwa maji?"

"Nimesema simu iacheni."

"Na mimi je, Mama?" Odhiambo akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo kuliko pikipiki yake.

Mama alimtazama, kisha akageukia dirisha. Baadaye nimepitia maneno yake yote ya siku hiyo, moja moja, kama mnavyopitia orodha ya simu. Hakuna mahali popote aliposema mwanawe yuko hai.

Jumamosi nilikuwepo, kwa sababu niliona si haki kukosekana. Hakuna mtu wa boma aliyekubali kuigusa adapta. Walisimama mlangoni, wakinitazama. "Wewe ndiye unakijua," Mzee Ogutu akasema. Nimechomoa adapta nyingi maishani. Kila moja ina taa ndogo ya buluu, na ukichomoa, taa huchelewa kidogo kuzimika, kwa sababu kuna chaji iliyobaki ndani. Najua sababu hiyo. Niliitazama ikizimika, na sababu haikunisaidia.

Mama alikuja na kitambaa cha kushona, cheupe, kipya, cha pekee nilichokiona nyumbani mwake.

"Sasa kinaweza kufunikwa," akasema, akanipa.

Niliifunga adapta ndani yake nikaiweka kwenye jeneza, ubavuni mwa lile tunda. Yago lilikuwa limevishwa shati la Otieno la shule, na uzito wake ulikuwa umelikaza shati hilo kifuani kama mtu aliyevuta pumzi. Walilizika mbele ya simba yake, nyumba yake ya ujana, hatua ishirini kutoka dirisha la sebule. Walilia kweli. Odhiambo alilia kuliko wote.

Jumapili nilikwenda gatini hata hivyo. Nilifika saa sita mchana, nikakaa kwenye kibanda cha mwisho, nikanywa chai hadi mama wa kibanda akanionea huruma. Nilimkagua kila aliyeshuka na kila aliyepanda. Hakuna aliyefungua kompyuta, hakuna aliyeshika sikio akakaa kimya. Saa kumi feri ikapiga honi, ikakatika katikati, ikaendelea, ikaondoka. Miezi yote ile alikuja kila Jumatano na kila Jumapili, na sasa, siku moja baada ya kumzika, hakuja. Kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kuuliza maswali, nilikuwa nimekaa mbele ya jibu la Mzee Ogutu bila kuwa na jibu bora.

Kitabuni dukani niliandika: "Imetatuliwa. Kifaa kimeondolewa." Mzee Wanjala alisoma kwa miwani yake mpya, akaniomba nimweleze chumba. Nikamweleza upepo, kijiko, kuku, honi, pumzi.

"Hiyo pumzi," akasema. "Ilikuwa ya mtu anataka kusema, ama ya mtu hana la kusema?"

"Tofauti yake ni nini, Mzee?"

"Ndiyo nakuuliza. Wewe ndiye ulikuwa hapo."

Hakuishi kusikia jibu. Kwa miaka mingi iliyofuata nilifanya kazi yangu vizuri, nikaondoa vitambaa, nikabadilisha ruta, na kila nilipopita njia ya Luanda Kotieno nilijiuliza kama nilimfungia lango mtu aliye hai, kwa kalamu na karatasi.

Katika wiki yangu ya mwisho dukani, mtu mmoja wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi kwa bidii, aliweka adapta kaunta. Haikuwaka. Mlikuwepo nyote, mlikuwa mnafunga kamera nje, mtakumbuka nilivyowafukuza wateja wengine. Nyuma ya adapta, kwenye kipande cha gundi kilichofifia, kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Sikuhitaji kuisoma hadi mwisho: ilikuwa ile ya Otieno.

Niliitengeneza kwanza. Risasi moja ya kuunganishia ilikuwa imeachia. Kisha nikamvutia kiti.

Jina lake ni Ouma, kwao ni Mbita. Yeye na Otieno walishiriki chumba kimoja Amerika, meli moja, simu moja. Siku Otieno alipoanguka, zamu ilikuwa ya Ouma. Alikuwa anaumwa jino, wakabadilishana. Alirudi nyumbani na mzigo wa marehemu, adapta ikiwa juu, na kwa miezi ile yote alivuka na feri kila Jumatano na Jumapili ili apande mteremko ule amwambie mama. Alikaa kwenye kibanda cha chai, akachomeka modemu na adapta kwenye kompyuta, akapiga kumjulisha kwamba anakuja. Mama alipopokea, alishindwa. Feri ilipopiga honi, alirudi nayo.

"Alikuwa anafikiri wewe ni Otieno," nikasema.

"Hapana. Mara ya pili tu aliniambia. 'Wewe si Otieno, Otieno alikuwa na pumu, alipumua kama filimbi tangu utoto. Lakini usikate.'" Ouma aliangalia mikono yake. "Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa tu habari za mahindi."

Kwa hiyo alijua. Aliniuliza nani anampigia kwa sababu alitaka kweli kujua ni nani. Alipigania simu kwa sababu alikuwa na mtu mmoja upande wa pili aliyemjua mwanawe, na mtu huyo bado alikuwa hajamaliza kusema. Mimi nilichomoa.

"Na ile Jumapili baada ya mazishi? Nilikungoja gatini."

"Nilisikia kuna matanga, nikaogopa kuvuka. Nikapiga kutoka Mbita." Akaigusa adapta. "Otieno akanijibu."

Mzee Wanjala angeniambia niandike, basi naandika. Adapta ikiwa haina umeme, simu haipotei. Inapokelewa na sanduku la ujumbe, huko kwenye mitambo ya mbali, na sanduku hilo husema alilorekodi aliyefungua akaunti. Otieno ndiye aliyefungua ile ya nyumbani. Nyumbani hapo hakuna aliyewahi kuisikia rekodi hiyo, kwa sababu mama hakukosa kupokea hata siku moja. Sauti ilikuwemo miaka yote. Ilihitaji adapta izikwe ndipo isikike.

Jumatano iliyofuata mazishi Ouma alivuka bila kupiga kwanza, akapita langoni, akasema yote. Tangu wakati huo huvuka kila Jumatano na adapta yake mfukoni. Ndiye anayelipia laini ya nyumbani isikatwe. Huichomeka yake kwenye ruta ya sebuleni, hupiga namba ya ile iliyo chini ya ardhi, hatua ishirini kutoka dirishani, humpa mama asikilize, kisha hutoka nje akakaa na Odhiambo na watoto wake hadi mama amalize.

"Unataka kuijaribu kama imepona?" akaniuliza.

Nilichomeka. Taa ikawaka. Nilipiga namba ya ile iliyozikwa kwa mkono wangu, nikafumba macho. Iliita mara nne. Kisha nikasikia chumba kidogo, chenye dirisha lililofungwa vibaya, na pumzi ya kijana, yenye filimbi ndani yake, ikivutwa kwa furaha kabla ya kusema:

"Hapa ni nyumbani. Usikate. Subiri kidogo, mama anakuja."